Volti Ishirini

Spika nazing'oa kwanza, Ekirapa, usininunie.
Wimbo wako sitaupiga. Leo gari hili
litaimba noti moja isiyo na mwenyewe,
mitikisiko hamsini kwa sekunde, mizito kama uji wa mtama,
na wewe hutaisikia.
Utaisoma hapa, kwenye uso wa mita.

Besi ya ziada, zima. Trebo, katikati.
Skrubu ya geini naizungusha kushoto hadi igome.
Redio naipandisha: mwisho wake thelathini,
naishia ishirini na tatu,
maana juu ya hapo redio yenyewe huanza kudanganya.

Unasema: dada Nyadoi, si hiyo ndiyo sauti?
Ifungulie yote, nalipa pesa zangu.
Siyo. Sauti iko kwenye redio, chini ya kidole chako.
Hii ni mlango kati ya vyumba viwili:
mtu anong'one huku, asikike vile vile kule.
Ukiubomoa hupati sebule kubwa,
unapata upepo.

Wati mia, omu nne. Zizidishe: mia nne.
Kipeuo chake ishirini.
Sikufundishwa chuoni. Niliiandika kwa mkaa
kwenye ukuta wa duka hili, Barabara ya Malaba,
juu ya namba ya simu ya muuza vocha,
na vumbi la saruji huila ile nne
kila kiangazi; naiandika tena.

Umewahi kutazama kule wanakochimba chokaa?
Kilima kilikuwa na kichwa. Sasa kina meza.
Ndivyo wimbi linavyokuwa ukilisukuma kupita uwezo wa umeme wake:
kilele kinakatwa, pembeni panabaki makali,
na koili ya spika, iliyozoea kwenda na kurudi,
inasimamishwa juu kwenye moto, imeduwaa.
Ile harufu uliyoniletea Pasaka,
wufa mbili ndani ya gunia la mihogo,
ilikuwa harufu hiyo.

Nami nakuambia kwa sikio moja.
La kulia nililiacha Nagongera, kwenye harusi ya watu,
usiku kucha mbele ya maboksi niliyoyafunga mwenyewe,
nikisifiwa. Mgema na tembo lake, unajua.
Alfajiri jogoo aliwika upande mmoja tu wa dunia.
Tangu hapo sifa siziamini.

Basi nyamaza. Bisibisi hii ni ya fundi saa,
haitaki mkono wenye haraka.
Nane. Kumi na moja.
Kumi na saba nukta nne.
Lori la Mombasa linapita, sakafu inacheza,
naliacha lipite.
Kumi na tisa. Ishirini na moja,
nimezidisha. Narudi.
Kurudi ndiyo kazi.
Ishirini.

Tone la rangi ya kucha, nyekundu, nimeiba kwa Athieno:
nusu kwenye skrubu, nusu kwenye chuma.
Ikihama hata unywele, nitajua.

Spika zinarudi. Unawasha wimbo wako wa Kiteso,
unakunja uso: kioo hakijatetemeka!
Subiri.
Akogo inaingia, kila ulimi wa chuma peke yake,
na kabla ya ubeti, pumzi,
mtu anavuta pumzi.
Unageuka kutazama kiti cha nyuma
kama kuna abiria amepanda.

Alhamisi ya pili unarudi, unasema ni fyuzi tu.
Nimeshainama chini ya kiti kabla salamu haijaisha.
Tone limepasuka katikati;
nusu moja imebaki kwangu,
nusu imegeukia kulia, mbali, kama mtu aliyekosana na jirani.
Sisemi neno. Nang'oa spika. Nawasha mita.
Wewe ndiye unayeshika tochi,
wewe ndiye unayesema, polepole, bila kuniangalia:
kushoto kwanza.
Hadi igome.