Pumzi Haina Rangi

Mimi ni fundi wa vibao, Mwembe Tayari,
ubavuni mwa duka la matairi.
Herufi nazijua kwa uzito wake:
M hula rangi kuliko zote,
I ni mvuto mmoja wa brashi,
O yataka ubane pumzi
hadi mkono urudi ulikotoka.

Natoza kwa herufi.
Ndiyo maana Kiingereza kinanilisha.
Neno lao la kisu lina K mbele
na hiyo K haisemi,
imekaa mlangoni kama bawabu aliyesinzia.
La usiku limebeba G na H tumboni,
zote mbili fofofo.
La moja, mkono waanza na O,
mdomo waanza na wa.
Mwanamke akiwa peke yake
O yake husomwa u;
wakiwa wengi, O ile ile husomwa i,
nami sijapata wa kunieleza
ni nini kilichowapata njiani.

Shali wa visu aligoma kulipa.
"Kama haisemi, mbona yala pesa yangu?"
Tukavutana tangu asubuhi mpaka adhuhuri.
Tukakubaliana nusu bei kwa herufi bubu.

Kisha Tima akarudi shule,
gredi ya kwanza, soksi moja imeshuka,
amefunzwa kuwa a ni ei, e ni i, i ni ai.
Akasimama mbele ya kibao changu kibichi,
NAZI NA TUI,
akasoma kwa sauti mtaa mzima usikie:
"Neizai nei tyuai."

Rangi ikanidondoka kiatuni.

"Tima, a ni a."
"Mwalimu amesema ni ei."
"Hilo ni jina lake tu. Wewe waitwa Tima,
lakini ukijikwaa hulii 'Tima'."
Akafikiri. Akavuta soksi.
Nami juu ya ngazi nikanogewa:
kwao, mwanangu, irabu ni wapangaji,
leo chumba hiki, kesho kile,
na kodi hulipwa na mwanafunzi.
Kwetu ni tano, kila moja na kwake.
Kiandikwacho ndicho kisemwacho.

Mama yangu, Bi Mwanamize,
alikuwa amekuja kunidai pesa ya gesi.
Alikuwa kimya muda wote huo.
"Yuwasema urongo babako," akamwambia Tima.
"Ndoo hapa. Nipa kibiriti."

Akawasha kijiti, akakileta karibu na midomo.
"Kaa," akasema, la kutia jikoni.
Moto ukasimama wima.
"Kaa," akasema, wa mikokoni, mwenye magando.
Moto ukainama, ukafa.
Akawasha kingine.
"Paa," la nyumba. Moto upo.
"Paa," wa mwituni, mwenye mbio.
Moshi.

"Haya, fundi. Hiyo iliyozima moto
ni herufi gani?"

Nilishuka ngazi.
Nilitazama makopo yangu, jekundu, buluu, jeusi,
lile la fedha la vibao vya madaktari.
Herufi iliyopo na haisemi tuliilipa nusu.
Hii isemayo na haipo, bei gani?

Tima akataka zamu yake.
Nikamshikia kijiti, mbali kidogo na kope.
"Kaa," akasema. Moto wima.
"Kaa," akasema, akikunja vidole viwe magando.
Moto wima.
Ya kwanza ya jikoni, ya pili ya jikoni.
Alinitazama mimi, si bibi yake,
na hapo nikajaribu mwenyewe, polepole, kwa siri,
kiganja mbele ya mdomo,
na sikuwa na hakika nilichohisi.

Mama hakucheka.
Alikitikisa kibiriti sikioni, akasikiliza vilivyobaki.
"Tena," akasema.
Akawasha.
"Itoe kifuani. Tena."