Evans, Basi

Kukhu Rispa alipotutoka, tulipata mkebe wa tumbaku
umezikwa katika pipa la mtama.
Ndani: kifungo cha koti, risiti ya mafuta ya taa,
na kikaratasi chenye neno moja la penseli:
Evans.

Basi. Hakuna herufi mbele, hakuna nyuma.

Mama akasema, liacheni lilale.
Mjomba Shitsama akasema, huyo ndiye baba yake,
alichimba dhahabu Rosterman
akaturithisha mashimo.
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Ofisini Kakamega kitabu cha leseni
kimeliwa na mchwa upande wa tarehe.
Nikahesabu akina Evans tisa.
Evans D. Evans D. tena, mwandiko mwingine.
Evans T., homa, amezikwa; wapi, hawakuandika.
Evans J., deni dukani: misumari, kwinini, soksi jozi mbili.
Karani akauliza, "Wewe unamtaka yupi?"
Nikajibu, yule aliyelala kwetu.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Kitabu akakifunga polepole, kama mlango wa mgonjwa.

Nikaandika barua Welisi.
Miezi minne, jibu likaja:
Mpendwa Mwalimu, kwetu Evans ni kama mvua.
Kijijini kwangu walikuwapo kumi na wanne,
tukawaita kwa kazi zao: Evans Maziwa,
Evans Makaa, Evans wa Kengele.
Je, wenu alikuwa Evans wa nini?
Na sahihi chini: Bi. M. Evans
(hatuna undugu, nadhani).

Evans wa nini.
Nilimpelekea Mama swali hilo akichambua mrenda.
Hakuinua uso.
Bibi yangu Khatenje, alisema,
alikuwa akiwafulia nguo wazungu wa mgodini.
Mmoja alimwita Katenji.
Mmoja alimwita Katerina, akaona yamekwisha.
Huyo wako alisema, rudia.
Akarudia. Akalitamka Khatenje
na ile *kh* yetu ikatoka kooni mzima mzima,
kama mwiko unaokwangua ukoko.
Bibi aliangusha shati mtoni Isiukhu
asilifuate.

Ni hivyo tu? nikauliza.
Ulitaka nini kingine? Mtu amekusikia jina.

Usiku huo nikamwandikia Bi. Evans:
wetu alikuwa Evans wa koo.
Akajibu upesi safari hii, kwa karatasi ya rangi ya maziwa,
kwamba sauti hiyo wanayo, ya zamani, ya kwao,
na kwamba jirani zao Waingereza
huijaribu wakaishia kukohoa.
Hakunipa kaburi. Hakunipa meli wala mwaka.
Aliniandikia neno moja la kwao, *bach*,
akasema ni "kidogo", ni "mpenzi", inategemea nani anaita.

Nikakaa na neno lile mdomoni.
Ng'ombe wa Kukhu Rispa, wote, kuanzia yule wa mahari
mpaka huyu mwekundu aliyebaki,
waliitwa Bakhi.
Tulidhani ni jina la ng'ombe.

Jumatatu nikaita rejista, darasa la saba.
Evans Lihanda. Yupo.
Evans Mukabwa. Yupo.
Evans Shimoli. Kimya.
Akaingia amechelewa, magoti yana tope la machimbo,
karai la babake limemwachia duara jekundu kichwani.
Nilitaka kumuuliza anatafuta nini kule chini
ambako wazungu walikwisha kokota kila kitu.
Nikamwambia, kaa.

Kifungo kile nimekishona kwenye koti langu.
Hakifanani na vingine.
Jioni hutoka nikasimama kwenye boma
nikamwita ng'ombe, taratibu, kutoka kooni,
naye huinua kichwa,
hutazama nyuma yangu kidogo,
kisha huja.