Betri ya Fukuoka

Kifaa changu cha sikioni kilikata kauli Busan,
sokoni, katikati ya pweza na mabeseni.
Mama mwenye glavu nyekundu alikuwa akinitajia bei;
nikaona midomo, nikaona kisu kikishuka juu ya gogo,
na dunia nzima ikawa runinga iliyozimwa sauti.

Kuo-jui aliuliza kitu. Nikagusa sikio, nikatikisa kichwa.
Betri za akiba zilikuwa Tainan, kwenye droo,
chini ya risiti za umeme.
Mimi ndiye niliyefunga mizigo.

Sasa, mjue mume wangu.
Fundi cherehani, miaka thelathini na minane ya ndoa,
maneno huyatoa kama anayehesabu chenji:
Kula. Njoo. Mvua.
Debe tupu ndilo lenye kelele, huniambia majirani,
basi wako amejaa, una bahati.
Na debe hilo nimeligonga kwa kifundo cha kidole usiku mwingi,
nisijue limejaa nini.

Jioni ile alinunua daftari karibu na stesheni,
jaladani bata, na penseli.
Akaandika, herufi zimesimama wima kama sindano:
*Yule mama alicheka. Kicheko cha bati likikunjwa.
Sikuelewa maneno. Ulipendeza ukibishana naye.*

Melini kuelekea Hakata aliandika injini:
*Cherehani ya miguu, mkanda umelegea.*
Fukuoka, kwenye kibanda cha tambi kando ya mto:
*Wote wanavuta kwa sauti, hapa ni adabu.
Nawe vuta. Utasikia kwenye meno.*
Nikavuta. Mchuzi ukaniruka kwenye miwani.
Nikasikia kwenye meno.

Asubuhi, yeye akiwa kwenye foleni ya tiketi,
niliingia duka la dawa.
Beji ya binti wa kaunta niliisoma kwa namna yetu:
Daraja la Mawe.
Nikamwonyesha kifaa. Akanipa betri sita,
ndogo kama mbegu za papai, zimepangwa duara.
Nikalipa. Nikazitia mfuko wa ndani wa koti,
nikafunga kifungo.

Uongo? Sikusema neno.
Hilo nimejifunza kwake.

Nagasaki ilikula kurasa tisa.
Tramu kwenye kona: *mlango wa jikoni kwa mama.*
Hajawahi kunitajia mlango huo.
Mvua juu ya miavuli ya wanafunzi, kunguru,
mtu aliyepiga chafya mara nne akaomba radhi kila mara.
Kisha tukafika kwenye daraja lile la matao mawili
ambalo kila mtu hulipiga picha, na kivuli chake majini
hulifanya miwani. Hakulitazama. Aliandika muda mrefu.

*Hapa hakuna sauti. Maji hayana haraka.
Nasikia viatu vyako. Cha kushoto kinaburuta
tangu ulipoanguka ngazini mwaka ule, mimi nikiwa dukani.
Sikukuuliza. Niliogopa utanijibu.*

Nilisoma mara mbili. Nikasema nina njaa.

Usiku wa mwisho, bafuni, nilibandua kibandiko cha kahawia,
nikatia betri, nikashusha nywele juu ya sikio.
Kwanza bomba. Kisha friji ndogo ya hoteli.
Kisha yeye, kitandani, mgongo kwangu,
akichonga penseli na kunong'ona:
kama… hapana. Kama… hapana, si hivyo.
Kumbe kila sentensi aliijaribu kinywani kwanza,
kama anavyolowesha uzi kabla ya tundu.

Nikakaa upande wangu, nikakunja soksi
ambazo zilikwisha kunjwa.

Sentensi moja aliisema mara tatu.
Haimo daftarini.
Aliponipa ukurasa niliusoma taratibu, kidole chini ya mstari:
*Mashine ya hewa inakoroma. Lala.*

Betri tano zilizobaki ziko Tainan,
kwenye droo, chini ya risiti za umeme.
Anajua droo ile. Huwa haifungui.