Nafasi ya Tano

Karatasi imeshikwa na pini tatu,
ya nne imekwenda na upepo wa Chimwaga;
kona moja inapiga makofi peke yake
kwenye korido ya Saikolojia ya Elimu.
Semina za Uzamili, Muhula wa Kwanza.
Chagua mbili.

Nimepanda mlima huu kutoka Chipanga
na miaka kumi na saba ya chaki kifuani,
barua ya ruhusa ya mkurugenzi imekunjwa mara nne.
Wenzangu ni vijana: wanaipiga picha karatasi
na kuondoka. Mimi nasoma kwa kidole,
kama darasa la kwanza.

Motisha na Ufaulu: imejaa mpaka pambizoni.
Takwimu za Upimaji: imejaa;
inasemekana mhadhiri wake hutoa alama
kama mvua ya Januari, ikiamua kunyesha.
Kumbukumbu na Usahaulifu.
Hapa nilicheka. Hiyo nimeisoma
bila ada, usiku, bila kufaulu.

Chini kabisa, karibu na kutu ya pini:
Lugha ya Nyumbani, Lugha ya Darasani.
Majina matatu. Na kwa herufi za mlazo:
haitaendeshwa wakipungua watano.

Alikuwa akija na vumbi la Bahi hadi magotini,
Yona Chedego, darasa la pili,
wa thelathini na moja katika daftari la mahudhurio.
Asubuhi ile alinisalimu: mbukwa,
kichwa kimeinama, kama alivyofundwa kwao.
Na mimi, Mgogo kwa baba na kwa mama,
niliyekuzwa kwa ugali wa uwele na mlenda
na mwanamke asiyejua Kiswahili cha kuombea maji,
nikamvika kibao shingoni.

Mnakijua kibao.
Ubao wa sanduku la sabuni, kamba ya katani,
na mwandiko wangu mwenyewe, ule
niliosifiwa nao chuoni Mpwapwa:
NIMEONGEA KILUGHA.
Alikivaa hadi saa nane.
Hakulia. Aliniangalia tu
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu
na hajui hesabu ya kutosha kudai.

Baada ya hapo hakusema.
Si Kigogo, si Kiswahili.
Kwenye ripoti nikaandika: Mzito. Haelewi.
Mwezi wa tisa akaacha kuja,
nami nikalipigia jina lake mstari mwekundu,
kwa rula, ili usipinde.

Kumbe vitabu vina jina la nilichokifanya.
Refu, lina mwaka kwenye mabano.
Nitajifunza kulitamka.
Nitaandika kurasa ishirini
zenye nafasi mbili kati ya mistari,
na hata katika nafasi hizo hatakuwamo.

Nikasaini nafasi ya nne.
Nikangoja.
Kijana mwenye begi la kompyuta akasimama, akasoma:
"Hii, mama, ina ajira?"
Nilitafuta jibu kwa lugha zangu zote mbili.
Alipoondoka nilikuwa bado natafuta.

Adhuhuri, korido ikiwa tupu,
jua limelala sakafuni kama mbwa,
nikaandika na nafasi ya tano.
Mwandiko ule ule. Mkono haukuwa ule ule.

Saa tisa Bi Asnathi wa masijala
akaja na funguo zake, akabandua pini,
akashusha miwani kutoka kwenye nywele.
"Wametimia," akasema, kama anayehesabu vikombe.
Kisha: "Huyu Yona Chedego,
mbona hana namba ya usajili?"

Koo langu lilijaa chaki.
"Thelathini na moja," nikamwambia.

Akaandika tatu.
Akainua kichwa.