Rangi ya Mto

Baba yangu, Belmiro, alihesabu juma kwa mto.
Jumatatu Ave ulishuka samawati: suruali za Wajerumani.
Jumatano ukaja mwekundu: mataulo ya hoteli.
Na ukipita mweusi siku mbili, tatu mfululizo,
wanawake darajani walinong'ona, "Kuna agizo kubwa,"
wakaenda dukani kukopa bila haya.
Hakuna aliyeuliza samaki wamekwenda wapi.
Mkate ulikuwa na rangi. Tukaula.

Mimi nafuga.
Nikisema hivyo mezani shangazi Idalina hucheka hadi akapaliwa.
Lakini ni kweli: nina mifugo isiyohesabika,
haina pembe, haina kwato, jicho haliioni,
imejaa madimbwi manne ya zege nyuma ya kituo cha treni,
nayo hula kile tunachokionea aibu.
Nailisha hewa usiku kucha.
Mashine za kupuliza zikinyamaza nashtuka kitini
kama mama aliyesikia mtoto ameacha kulia.

Wahenga walinena, maji yakimwagika hayazoleki.
Waje zamu ya usiku.
Hapa tunayazoa: ya sufuria, ya choo, ya ndoo ya kudekia,
ya mgonjwa wa ghorofa ya tatu, ya bwana harusi,
yamechanganyika, hayana tena jina wala cheo.
Wavu wa kwanza hukamata matambara, vijiti vya masikio,
mara moja meno ya bandia (hakuna aliyekuja kuyadai).
Kisha mchanga hutua, mafuta hupanda, mifugo hula,
kisha dimbwi la duara, na mkono wa chuma
unaozunguka taratibu kuliko akrabu ya saa,
tope likishuka, maji yakibaki juu
yakijifikiria.

Lakini niseme na lile la Januari.
Mabomba ya mji huu ni ya enzi za babu:
mvua na mavi hupita njia moja.
Siku ya tatu ya mvua, saa nane usiku,
kipimo kilivuka mstari.
Ama nifungue lango la pembeni,
ama gharika ifagie mifugo yote
na tukae mwezi mzima bila kitu.
Nikafungua.
Dakika arobaini mto ulikunywa mji mbichi,
nami nimesimama na tochi, naandika saa, naandika kiasi,
mwandiko unatetemeka,
kwani kuandika ndiyo toba pekee
iliyomo katika kitabu cha zamu.

Wiki mbili fisi maji hakuonekana.
Kisha, kwenye tope kando ya bomba la kutokea,
alama za vidole vitano, na kinyesi chenye magamba ya samaki.
Nilikichutamia nikicheka peke yangu.
Ndiyo kazi yangu: mavi hunikosesha usingizi,
mavi hunipa furaha.

Baba haendi tena darajani. Magoti.
Nikirudi alfajiri huuliza,
"Leo mto una rangi gani?"
"Hauna rangi, baba."
Hunyamaza. Kiwanda kilifungwa
mwaka uleule madimbwi yetu yalipofunguliwa,
na sijui, wala mhandisi Sequeira hajui,
usafi huu ni jasho la mifugo yangu kiasi gani
na kiasi gani ni njaa ya watu.

Jana nikamletea chupa ya sampuli.
Akaishika kwa vidole
vilivyokuwa samawati miaka thelathini,
akaiinua dirishani, akatafuta nguo ndani yake.
"Sioni kitu," akasema.
Kisha, "Naona barabara.
Naona yule mbwa wa Quitéria."
Hakunirudishia. Ameiweka juu ya redio,
na leo amenionya, nikipangusa vumbi,
nisije nikaimwaga.