Saa Sifuri

Saa moja kasoro kumi asubuhi, Houghton, Michigan.
Theluji imefika kwenye vioo vya magari
na ratiba ya shule haina nafasi yetu,
basi tumepewa saa isiyohesabiwa
na chumba ambamo tuba za bendi hulala
midomo wazi, kama watu waliochoka kushangaa.

Tuko watano. Arvid anasinzia.
Mwalimu Torvinen anavua glavu moja tu,
ile ya mkono wa chaki.

Anasema: sauti nne, kila moja na njia yake.
Besi na soprano zisiandamane kwa umbali wa tano,
zikipanda pamoja, zikishuka pamoja,
sikio litasahau kwamba ni wawili.

Hilo ndilo kosa langu la kila wiki.
Daftari limejaa wino mwekundu: tano, tano, tena tano.
Safari moja nikaandika pembeni kwa penseli:
mimi na pacha wangu Wendla tulitembea hivyo
miaka kumi na minne,
mpaka alipohamia kwa baba, Duluth.
Daftari lilirudi na alama ya kuuliza,
ndogo, kama mtu aliyebisha hodi
akaondoka.

Nyumbani, nikiamua kwamba friji ni do,
tanuri la chini ni fa,
na mashine ya bei dukani, ninakofanya kazi Jumamosi,
hulia ti, ti, ti kutwa nzima
bila kupanda do.
Wateja hulipa, hubeba maziwa yao, huenda zao,
wala hawajui kwamba wanadaiwa noti moja.

Mama huendesha greda la theluji usiku.
"Ukishayajua yote hayo, utayafanyia nini?"
Sikuwa na jibu, nikaosha vikombe.
Wiki mbili baadaye, akivua buti mlangoni:
"Gia ya pili leo inaimba chini kuliko jana."
Akazima taa kabla sijamuuliza
chini kwa kiasi gani.

Mei. Mtihani wa chuo kikuu,
kwa watoto ambao wengine hawana hata leseni ya gari.
Sehemu ya mwisho: imba usichowahi kukiona.
Nikafungiwa stoo ya sare za bendi
na kinasa sauti
na mistari mitano yenye wimbo mfupi
ambao hakuna aliyeutunga ili upendwe.

Nikaanza chini kidogo.
Noti ya tatu ilinikimbia, nikaiacha iende.
Nikafika ti.
Sheria inasema ipande, nusu hatua tu, nyumbani,
nami nikakaa pale
zaidi ya karatasi ilivyoruhusu,
kati ya makoti yanayonuka jasho la wengine,
pumzi bado ipo,

kisha nikapanda.

Kinasa sauti kikabofya.
Hakikusema kama nimefika.