Nane kwa Kiswahili

Kila Jumatano, akitoka soko la wanawake hapa Ibra,
Bi Asila hupita chumba chetu cha utafiti
na mfuko wa ndimu kavu.
Kwenye faili yeye ni Mia na Kumi na Saba.
Jina lake tunalijua mimi na kabati.

Selimundu ameirithi pande zote mbili:
mama wa Wete, baba wa mtaa wa pili kutoka hapa.
Mwaka mzima anameza vidonge vyetu.
Huenda ni dawa,
huenda ni wanga mtupu uliovishwa koti jekundu.
Yeye hajui. Mimi sijui. Daktari Muhanna hajui.
Inayojua ni bahasha, imelala ndani ya sefu Maskati.

Fomu inauliza: kuanzia sufuri hadi kumi,
maumivu yako ni mangapi?
Kana kwamba ni mayai.
Namuuliza kwa Kiarabu, maana fomu ni ya Kiarabu.
Anaweka shela sawa, ananyoosha mgongo:
«Alhamdulillah. Thalatha.»
Naandika tatu.
Wiki ijayo tatu. Wiki ya kumi, tatu.

Mwezi wa nne kiyoyozi kilikufa,
na kwa joto lile nikaropoka lugha ya nyumbani:
Bi Asila, leo inakuumaje?
Alinitazama kama mtu aliyebishiwa hodi mlango wa uani.

«Kuuma huuma jino, mwanangu. Hii mifupa inatwangwa.
Goti linawanga tangu alfajiri.
Nyonga zinakata.
Hapa kifuani panafukuta, moto wa makumbi,
moshi tu, mwale huuoni.
Na usiku inanitafuna polepole
kama kizee asiye na meno.»

Basi ni ngapi?

«Nane.»

Dakika mbili hazijapita. Mtu yuleyule, goti lilelile.
Mbona ulisema tatu?
Akacheka. «Kiarabu nasema na wakwe.
Mbele ya wakwe mtu anaumwa?»

Itifaki ina kurasa sitini na mbili.
Imeeleza sindano itupwe wapi,
friji ikizimika damu ihamishiwe wapi,
ila hili haikuliwaza.
Nikapiga simu Maskati. Wakanijibu kwa upole:
fuata lugha aliyotilia saini ridhaa.
Nikaandika tatu.
Ukingoni, kwa penseli, nikaandika: inatwanga.

Tukaenda hivyo. Wino kwa wakubwa, penseli kwa Bi Asila.

Shaabani bahasha ikafunguliwa.
Alikuwa akimeza dawa ya kweli.
Na ripoti ikasema, kwa jumla,
tofauti haikutosha kusimama.
Tatu zake zimo humo, zimepanga mstari,
za kwanza hadi za mwisho, hazijatikisika.

Nikarudi kwenye penseli.
Inatwanga. Inatwanga. Inakata.
Inavuta.
Na wiki ile ya mwisho:
leo inanyemelea tu, haijashika.

Mtu mmoja si ushahidi. Nimesomeshwa hilo, nalisomesha.
Penseli hufutika; sijaifuta.

Faili limefungwa, vidonge vimerudishwa kwa hesabu.
Jumatano hii mlango ukagongwa.
Ndimu kavu mezani, anatafuta kiti kwa mkono.
Nikamwambia utafiti umekwisha, Bi Asila,
sina dawa ya kukupa.

«Dawa sikuijia,» akasema, akikalia nyonga moja.
«Nimekuja uniulize.»